Mikono ya Shangazi

Wapenzi wasikilizaji mlioko hapa Lwiro, ninyi wa Katana, Kabamba, Miti na Kavumu, ninyi wa Bukavu kuanzia Bagira hadi Kadutu na Ibanda, na ninyi mnaotusikia kisiwani Idjwi, vuteni viti karibu. Kama nyumbani kuna mgonjwa, msimzimie redio wala msimhamishie chumba cha nyuma, maana mazungumzo ya leo ni yake kuliko yetu.

Nataka tuzungumzie saratani, au kansere kama wengi tunavyoiita huku, pale inapokuwa imekwisha kusambaa mwilini. Sizungumzii uvimbe mdogo unaokatwa ukaisha. Nazungumzia ile iliyotoka kwenye titi ikaingia kwenye mifupa, iliyotoka tumboni ikaingia kwenye ini, ile ambayo madaktari huiita hatua ya nne. Hata hapo dawa zipo, na mara nyingi zinasaidia. Lakini kila dawa hutoa na huchukua. Swali langu ni hili: nani mwenye haki ya kusema kama kinachotolewa kinazidi kinachochukuliwa?

Nianze na mikono ya shangazi yangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alizaliwa na kuzeekea kwenye milima hii ya Kabare, chini ya Kahuzi. Alikuwa mkulima wa maharagi, mihogo na viazi, na alikuwa na migomba michache nyuma ya nyumba. Alipopata saratani ya titi alichelewa kujua, kama wengi wetu tunavyochelewa, na ilipogunduliwa ilikuwa imefika kwenye mifupa ya mgongo. Alitundikiwa serumu kwanza, nywele zikaanguka, akafunga kitambaa na maisha yakaendelea. Baadaye akabadilishiwa, akapewa vidonge vinavyoitwa kapesitabini. Unameza asubuhi na jioni kwa siku 14, unapumzika siku 7, halafu unaanza tena. Tulifurahi mno. Tulisema, sasa ni vidonge tu, atameza akiwa kwake, hatasumbuliwa tena na sindano.

Hakuna aliyetuambia kwamba dawa ile huvamia viganja na nyayo. Pale tulipotibiwa mwanzoni tulipewa pakiti na tarehe ya kurudi, basi. Duru ya pili haijaisha, viganja vya shangazi vilikuwa vyekundu kama aliyeshika sufuria ya moto. Duru ya tatu ngozi ikaanza kumenyuka, kama ganda la muhogo uliolowekwa siku nne. Nilikuja kuona siku nilipomkuta uani, ungo wa maharagi uko magotini. Hakuwa akichambua kama alivyozoea, vidole vikikimbia na mdomo ukisimulia. Alikuwa akiyasukuma maharagi kwa upande wa mkono, polepole, kwa sababu ncha za vidole hazikuweza tena kushika punje. Aliponiona, akaingiza mikono yote miwili ndani ya kitenge.

Nikamuuliza, "Shangazi, munganga anajua?"

Akasema, "Hajui."

"Mbona hukumwambia?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akanijibu, "Mtoto wa kaka yangu, mmeuza ng'ombe. Nitasemaje kwamba dawa ya ng'ombe inaniuma?"

Wasikilizaji, sisi Bashi tunajua uzito wa jibu hilo. Ng'ombe kwetu ndiye mahari ya kijana, ndiye heshima ya boma, na huwezi kumrudisha kwa wiki wala kwa mwezi. Ukoo unapomuuza kwa ajili ya mgonjwa, unampa kila ulicho nacho. Ni upendo mkubwa, sisemi vinginevyo. Lakini upendo ule ule humfunga mgonjwa mdomo. Anajiona ana deni, na njia pekee anayoiona ya kulipa ni kuvumilia. Akilalamika, ataonekana hana shukrani. Akisema amechoka, watoto watadhani amekata tamaa. Kwa hiyo anameza, anatapika akiwa nyuma ya nyumba, anarudi akitabasamu, na daktari anaandika kwenye kartasi kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Waswahili wana methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema: usimchoshe mgonjwa kwa maswali, mpikie, mletee, atakunywa. Kwa uji nakubali. Lakini tumeichukua hekima ya uji tukaipeleka kwenye dawa kali, na hapo ndipo tunapokosea. Kuna methali nyingine inayofaa zaidi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari anaijua dawa na familia inaijua bei yake, lakini usiku wa baada ya dawa anayeujua ni mgonjwa peke yake.

Tulimpeleka shangazi kwa daktari mwingine. Huyu hakuanza na picha wala vipimo. Alimwomba afungue mikono, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kwa Mashi, "Mama, ukiamka asubuhi unapenda kufanya nini?" Shangazi akacheka kidogo, maana hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo hospitalini. Akasema, "Mwezi wa tisa mvua inakuja. Ninataka kupanda maharagi yangu mwenyewe."

Daktari alisimamisha vidonge mpaka ngozi ipone. Alipoanzisha tena alipunguza kipimo. Hakubuni jambo lolote, kwani ndivyo kanuni ya dawa ile inavyosema: mikono na miguu ikiumia kiasi hicho unasimamisha, unasubiri, unarudi na kipimo kidogo zaidi. Kanuni ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza na mtu wa kusema.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu najua wengi mnaogopa neno kupunguza. Mnaona kipimo kidogo ni tiba nusu, kama fundi aliyepewa fedha pungufu akapaka rangi ukuta mmoja. Lakini fahamuni jinsi vipimo vya dawa nyingi za saratani vilivyopatikana. Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wakipandisha dawa ngazi kwa ngazi mpaka wafike kiwango cha juu kabisa ambacho mwili unaweza kustahimili, na hicho ndicho kikawa kipimo cha kila mtu. Ilikuwa na mantiki kwa dawa za zamani na kwa tiba ya wiki chache. Kwa mtu anayetakiwa kumeza dawa miezi na miaka, ni jambo jingine. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani yenyewe ilianzisha mpango maalumu wa kuwataka watengenezaji watafute kipimo kinachofaa, wasitosheke na kile cha juu kabisa. Basi mkulima wa Lwiro akiuliza kama kipimo chake kinaweza kupungua, anauliza swali ambalo mabingwa wa dunia nao wanaliuliza.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kila dawa inayouma iachwe. Kuna saratani zinazopona hata zikiwa zimetisha. Mtoto mwenye uvimbe wa taya ule alioueleza daktari Denis Burkitt kule Uganda mwaka 1958 anaweza kupona kabisa kwa dawa. Saratani ya titi au ya shingo ya kizazi ikiwahiwa, inapona. Palipo na tumaini la kupona, kutapika kwa miezi sita ni bei ya haki, na sisi ndugu tuna kazi ya kumshika mgonjwa mkono mpaka avuke. Na hata hatua ya nne, ziko dawa zinazompa mtu miaka bila kumtesa sana, kama vile vidonge vya homoni kwa baadhi ya saratani za titi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa daktari liwe hili: dawa hii inalenga nini? Inalenga kuponya, kurefusha siku, au kutuliza maumivu? Majibu matatu hayo yana uzito tofauti, na mateso ambayo mtu anaweza kuyakubali kwa jibu la kwanza si lazima ayakubali kwa jibu la tatu.

Baada ya hapo, lazima hesabu ipigwe hapa tulipo. Mateso ya dawa si yale yale kila mahali. Kuna dawa zinazotia ganzi vidole na nyayo, kama paklitakseli. Karani wa ofisini atalalamika kwamba anakosea kuandika. Mama wa Kabare anayeteremka mteremko na dumu la maji mgongoni akifa ganzi nyayo, ataanguka. Kuna dawa zinazoharisha. Penye bomba la maji na choo ndani ya nyumba ni usumbufu, lakini penye choo cha shimo, usiku, mvua ikinyesha, ni hatari. Dawa nyingi za serumu hushusha askari wa damu, na mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 siku hizo, anapaswa kufika hospitali saa hiyo hiyo, asingoje asubuhi. Sasa jiulizeni: kutoka kijijini kwenu, saa saba ya usiku, homa ikipanda, mtafika wapi na kwa chombo gani? Kutoka hapa hadi Bukavu ni kilomita zipatazo 45. Mnaikumbuka Februari 2025, vita vilipofika Kavumu kisha Bukavu, uwanja wa ndege ukafungwa na barabara ikawa ya hofu. Daktari anayeagiza dawa bila kuuliza mgonjwa anaishi wapi, ameagiza nusu tu ya dawa. Na mgonjwa anayesema, "Ninakaa mbali, usiku hakuna gari," hatoi udhuru. Anatoa habari ya kitabibu.

Na kuna mateso mengine ambayo hayaonekani kwenye ngozi wala kwenye damu, nayo ni siku zenyewe. Mwaka 2022 madaktari watatu wa Marekani na Kanada waliandika juu yake wakayaita sumu ya muda. Walisema hivi: kama dawa inamwongezea mtu wiki chache, na wiki hizo hizo anazimaliza barabarani, kwenye foleni, akingoja damu ipimwe na kitanda kipatikane, tumempa nini? Wao walikuwa wakifikiria watu wenye magari na barabara za lami. Sisi hapa, siku moja ya serumu mjini ni siku tatu: ya kushuka, ya kutibiwa, ya kurudi. Wengine hulala kwa jamaa Kadutu, wengine kwenye baraza ya hospitali. Ziwekeni siku hizo kwenye hesabu kama mnavyoweka fedha.

Wakati mwingine njia fupi ipo, inangoja kuulizwa. Mkoa wetu hauna mashine ya mionzi. Anayehitaji mionzi huvuka Ruzizi hadi Kigali, ambako tiba hiyo ilianza mwaka 2019 katika hospitali ya jeshi ya Kanombe, au huenda mbali zaidi, Kampala. Wengi wanadhani mionzi ni lazima iwe wiki tano au sita, wanaangalia gharama ya chumba na chakula, wanakata tamaa. Lakini kwa maumivu ya mifupa iliyoingiliwa na saratani, mara nyingi mionzi ya siku moja tu hutuliza maumivu sawa na ile ya siku nyingi. Ni safari moja na kikao kimoja. Muulizeni daktari, "Je, kwa maumivu haya, kikao kimoja hakitoshi?" Swali hilo linaweza kuokoa shamba.

Sasa nije kwenye lile linalotutia hofu zaidi: kuacha. Tunaogopa kwamba tukipunguza au tukisimamisha dawa kali, tumemuua mtu wetu. Naielewa hofu hiyo, nimelala nayo. Lakini sikilizeni yaliyoonekana kwa waliochunguza.

Mwaka 2015, huko Marekani, Holly Prigerson na wenzake walichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 300 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, dawa za mwanzo zimeshindwa, na madaktari waliona hawana zaidi ya miezi sita. Waliangalia wiki ya mwisho ya maisha yao ilikuwaje. Kwa waliokuwa dhaifu tayari, kuendelea na kemo, yaani zile dawa kali za saratani, hakukuwafaa. Na wale waliokuwa bado na nguvu, ambao kila mtu angedhani ndio watakaonufaika, waliopewa kemo waliishia kuwa na siku za mwisho mbaya zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Wala kemo ile haikuwarefushia maisha.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2010, kule Boston, Jennifer Temel na wenzake walichukua wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Wote walipewa tiba ya kawaida ya saratani. Nusu yao, tangu mwanzo, waliongezewa watu wa tiba shufaa, yaani wauguzi na madaktari ambao kazi yao ni kutuliza maumivu, kuzuia kutapika, kuzungumza na mgonjwa na familia, na kumuuliza anataka nini. Waliopata huduma hiyo walikuwa na unyonge mdogo wa moyo na siku zao zilikuwa bora. Mwishoni walipewa kemo chache zaidi. Na waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6, wenzao miezi 8.9. Nirudie kwa ajili ya wale waliokuwa wakihangaika na mkaa jikoni. Waliotulizwa hawakufa mapema. Waliishi zaidi.

Basi tiba shufaa si mlango wa kaburi. Ianze siku ile ile saratani inapoonekana imesambaa, iende sambamba na dawa nyingine, na siku dawa nyingine zitakapokoma, yenyewe ibaki. Mgonjwa asisikie kamwe maneno haya: "Hatuna la kufanya, mpelekeni nyumbani." La kufanya lipo mpaka pumzi ya mwisho.

Nalo linaanza na maumivu. Shangazi alikuwa na maumivu ya mgongo yaliyomfanya alale ameketi, kichwa juu ya mto uliowekwa kwenye kiti mbele yake. Daktari alipotaja mofini, sisi wa ukoo tulishtuka. Mmoja alisema hiyo ni dawa ya wanaokufa. Mwingine alisema atakuwa mlevi wa dawa. Daktari alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akaeleza: unaanza na kidogo, unampa kwa saa maalumu bila kungoja alie, unapandisha polepole kufuatana na maumivu, na unampa dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo huwa vinapungua. Usiku wa kwanza shangazi alilala chali mpaka jogoo likawika. Asubuhi alituuliza kwa nini tunamwangalia hivyo.

Majirani zetu wa Uganda wanalijua jambo hili vizuri. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Alitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, dawa ya kunywa, ya bei ndogo, ambayo mgonjwa anapewa kwenye chupa na kuinywa akiwa kitandani kwake. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni ili wauguzi waliosomea kazi hiyo waruhusiwe kuandika mofini, kwa sababu vijijini daktari hayupo lakini muuguzi yupo. Hilo halikuhitaji mashine wala dola nyingi. Lilihitaji uamuzi. Mwaka 2017 jopo la jarida la Lancet lilipiga hesabu ya dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka: karibu tani 299. Nchi maskini kabisa, yetu ikiwa miongoni mwazo, zilipata kiasi cha kilo 100 tu kati ya hizo. Viongozi wa afya wanaonisikia, kule mjini na Kinshasa, hesabu hiyo ni aibu yetu sote, na sehemu yake iko mikononi mwenu. Mruhusuni muuguzi wa zahanati. Mleteeni chupa.

Nina neno pia juu ya mitishamba, kwa kuwa nazungumza kutoka Lwiro. Kituo chetu cha utafiti, kilichoanza mwaka 1947 kwa jina la IRSAC na leo ni CRSN, kimehifadhi na kuchunguza mimea ya milima hii kwa miaka mingi. Hapa hakuna wa kutufundisha kuheshimu mti. Paklitakseli niliyoitaja ilipatikana kwenye ganda la mti wa Marekani, na vinkristini ilitoka kwenye ua dogo la Madagaska ambalo wengine wanalipanda mbele ya nyumba. Kwa hiyo msimwone mgonjwa anayekunywa mubirizi kuwa ni mjinga. Lakini yeye naye aseme. Chungu kilichofichwa chini ya kitanda, kikichanganyika na dawa ya hospitali, kinaweza kuliumiza ini au figo, na daktari atahangaika bila kujua chanzo. Na ninyi wachungaji, mapadri na viongozi wa vyumba vya maombi, waombeeni wagonjwa wetu, tunawahitaji. Ila msimwambie mtu kwamba kuacha dawa ni imani, wala msimwambie kwamba kuchoka na dawa ni ukosefu wa imani. Mungu anasikia yote mawili.

Nimalizie na lugha. Mmekaa hospitalini mkaona. Daktari anaingia, anafungua faili, anazungumza Kifaransa na yule kijana aliyesoma chuo. Maneno mazito yanapita juu ya kichwa cha mgonjwa huku na huku, naye anawaangalia midomo kama anayetazama watu ng'ambo ya kioo. Kisha kijana anageuka, anasema, "Mama, amesema utapona, endelea na dawa." Tunadhani tumemkinga. Lakini mgonjwa anasoma nyuso. Anajua tunamficha, naye anaanza kutuficha. Nyumba nzima inakuwa na watu wanaopendana na hawaambiani ukweli.

Nawasihi madaktari na wauguzi: zungumzeni na mwenye mwili, kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kihavu, kwa lugha anayoombea. Si kila mtu anataka kujua yote kwa siku moja. Muulizeni anataka kujua kiasi gani, na nani akae naye wakati anaambiwa. Muulizeni anashinda kitandani saa ngapi, anakula nini, analala vipi, ni kitu gani dawa imemnyang'anya. Na nyinyi wagonjwa, andikeni, au mwambieni mjukuu anayesoma shule aandike kwenye daftari: leo nimetapika mara tatu, leo vidole vimekufa ganzi, leo nimeweza kutembea hadi barabarani. Mkifika kwa munganga, mfungulieni daftari. Ulizeni dawa inalenga nini, itaongeza nini, itachukua nini, kama inaweza kupunguzwa, na kama tukiisimamisha nani atatuliza maumivu. Huko si kukosa adabu. Ni kumsaidia daktari afanye kazi yake.

Na sisi ndugu tuliouza ng'ombe, tuliokopa kwenye likelemba, tuliokeshea mabenchi ya hospitali, tunalo neno moja la kumwambia mgonjwa wetu, na hakuna mwingine anayeweza kulisema badala yetu. Mimi nililisema kwa shangazi nikiwa nimechelewa miezi mitatu. Nilimwambia, "Shangazi, ng'ombe yule hatukukukopesha. Alikuwa wako. Huna deni." Aliniangalia, akaitoa mikono ndani ya kitenge, akaiweka juu ya magoti.

Mwezi wa tisa alipanda. Si shamba lote, alipanda matuta sita karibu na mlango, akiwa amekaa kwenye kigoda, akisogea kidogo kidogo. Mwezi wa kumi na mbili aliyavuna, akayachambua mwenyewe kwenye ungo ule ule. Tuliyala pamoja sikukuu ya Noeli, kwa sombe na ugali wa muhogo. Alifariki mwezi wa pili, kwake, kitandani kwake, bila kulia. Saratani haikushindwa. Lakini miezi ile ilikuwa yake.

Wapenzi wasikilizaji, redio itanyamaza sasa hivi. Kama kuna mgonjwa hapo nyumbani, msiende kulala kabla ya kufanya jambo moja. Kaeni karibu naye, mwambieni hana deni, kisha mumuulize siku hizi anazitaka kwa ajili ya nini. Halafu nyamazeni, mumwache ajibu.